Maikromita Kutoka Maskati

Maskati, 12 Februari 2011

Baba yangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Nakubusu mkono, na namuomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na Mama. Sisi huku wazima, ila mume wangu Fahd ana mafua na analalamika utadhani ndiye mtu wa kwanza kuugua duniani. Vipi masikio yako? Mama kaniambia kwenye simu kwamba siku hizi hata adhana unaijua kwa kumwona yeye akiinuka. Ndiyo maana nakuandikia. Nikikupigia simu nitawapigia kelele majirani wote wa Jadida na wewe usisikie neno.

Mzigo anaokuletea Bi Alya ufungue taratibu. Ni maikromita, Baba, ile ya kupimia unene wa vyuma uliyokuwa ukiitamani tangu niko mdogo nakufagilia chembe za vyuma karakanani. Sikufichi, si mpya. Fahd kaipata kwenye mnada wa intaneti, na muuzaji kaandika kwamba ni fundi mzee aliyestaafu. Picha zake zilikuwa safi mpaka nikaona haya kuuliza maswali mengi. Ina sanduku lake, kijiti chake cha kusawazishia, na cheti kwamba imekaguliwa na iko sahihi. Sasa ile yako ya zamani, uliyozoea kusoma namba zake kwa kupapasa, iache ipumzike.

Mwambie Mama achari ya ndimu imefika na imeshakwisha.

Mwanao,
Raniya


Wete, 20 Machi 2011

Mwanangu Raniya,

Waalaykum salaam. Tumepata barua yako na tumefurahi kusikia mu wazima. Fahd mpe pole ya mafua. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Masikio yameshakwenda, nami sitaki kuyasumbua. Mama yako akinung'unika mie natabasamu tu, na yeye ndiyo anazidi kukasirika.

Bi Alya alifika siku ambayo nyumba imejaa wageni, kwa hivyo mzigo ukafunguliwa mbele ya watu. Kila mmoja akataka kuishika. Hata jirani yetu Bimkubwa, ambaye kwake maikromita na mbuzi ya nazi ni mamoja, aliigeuzageuza na kunionyesha kwa mikono kwamba mwana wangu kanitukuza. Nimeijaribu kwa kijiti chake, ikasema sawasawa. Inazunguka laini. Tena kuna mahali, katikati ya mwendo wake, inateleza yenyewe kama inayojua unakotaka kwenda. Sijapata kushika kitu cha namna hiyo.

Ile ya zamani nimempa Nyange, yule mwanafunzi wangu ambaye sasa ana karakana yake Konde. Unaijua desturi yetu. Fundi akipata chombo kipya, cha zamani humpa mwanafunzi wake kwa dua, na kikishatoka hakirudi. Marehemu Mzee Silima alinipa mimi hivyo hivyo.

Na kubwa nimeliweka nyuma. Mjomba wako Kificho kaja. Ulikuwa mdogo tulipoacha kusemezana kwa ajili ya vyama vya siasa. Msiba ukiwa kwetu haji, ukiwa kwake siendi, na mama yako katikati, huyu mumewe na huyu kaka yake. Sasa wakubwa wa vyama wamepatana, na Kificho kaleta injini ya mashua yake kwa gari la ng'ombe mpaka mlangoni pangu. Angesema nisingesikia. Kaketi tu kwenye kigogo, kama zamani. Mama yako alilia jikoni akidhani simwoni. Injini hii, mwanangu, nataka yamtoke mtu mate akiiona.

Achari tunakuletea nyingine, chupa mbili.

Baba yako


Maskati, 5 Juni 2011

Baba,

Asalaam alaykum. Nakubusu mkono. Sijui niulizeje hali.

Mama alipiga simu Ijumaa iliyopita. Nilichokipata katikati ya kilio ni kwamba mashua ya Mjomba imezama na yeye hajaonekana. Tangu siku hiyo nikipiga anapokea mtu mwingine, ananiambia Mama yuko Konde msibani. Kwako sijapata hata mstari mmoja. Tafadhali niandikie ilikuwaje.

Kuna jambo lingine. Hapa kuna fundi mmoja anatengeneza magari, mtu wa Tanga. Siku mbili tu kabla ya habari hii nilimsomea barua yako, nilitaka kujisifu kidogo. Nilipofika pale uliposema inateleza katikati, akanisimamisha. Akasema maikromita nzima haina mahali pa kuteleza. Akasema kile kijiti kinakagua mwanzo wa mwendo tu, na ugonjwa unaweza kuwa mbele, kijiti kisiujue. Fahd kamtafuta yule muuzaji. Hayupo, ukurasa umefutwa. Zile picha tumezikuta kwenye tangazo jingine, kwa jina jingine, zinauza maikromita nyingine. Na cheti nacho sina hakika tena ni cha nini.

Baba, niambie kwamba injini ya Mjomba uliipima kwa mkono wako tu. Niambie hukuitumia.

Mwanao,
Raniya


Wete, 2 Julai 2011

Mwanangu Raniya,

Waalaykum salaam. Mimi ni mzima wa mwili. Samahani kwa kukuweka. Nilianza barua hii mara nyingi.

Nilitumia. Shafti ya injini ilikuwa imeliwa, nikaichonga, nikapima, nikaivisha beringi mpya. Nilipoitikisa, mkono ukaniambia imelegea. Nikapima tena, maikromita ikasema iko sawa. Nikaona mkono ndio umezeeka. Laiti ningekuwa na ile ya zamani ningelinganisha, lakini nilikuwa nimeshaitoa kwa dua, na Kificho kaketi kwenye kigogo ananitazama, miaka yote ile imekwisha, anatabasamu. Nikafunga injini.

Kificho alikwenda Tanga akarudi, ikafanya kazi vizuri. Safari ya pili, na mzigo, ikaanza kugonga. Haya kayaeleza Jaribu, baharia wake, ambaye wavuvi walimwokota, nami nimeandikiwa. Anasema Kificho aliwaambia wasiogope, kwamba injini hii kaifunga shemeji yake. Haukupita muda mkono wa pistoni ukakatika na kutoboa ubavu wa injini. Wakabaki wanasukumwa na mawimbi mpaka mashua ikapinduka. Kificho hakuonekana tena.

Mashua ilivutwa mpaka bandari ya Wesha na injini imo ndani. Nilikwenda kwa Nyange, nikamwomba aniazime chombo nilichompa mwenyewe. Sikupata kuona haya kama siku ile. Tukaipima shafti. Yako na ile ya zamani zimepishana, kadiri ya unywele tu, na beringi haivumilii unywele. Nyange alinitazama, akaifunga maikromita kwenye kitambaa.

Sasa nikwambie lililo langu. Ule mtelezo niliokusifia niliutambua siku ile ile. Aliyekuwa nayo mwanzo alipima kitu cha ukubwa mmoja maisha yake yote, na meno ya skrubu yakaliwa pale pale. Vidole vyangu vililijua hilo, wageni wamejaa na zawadi ya mwanangu imo mikononi mwao. Nikatafuta neno zuri la kuliita. Halafu nikakuandikia neno lile, na nilipoliandika nikaliamini.

Watu wanasema yao. Wanasema baba yako Thuwein alingoja muda wote ule, adui wa chama chake akamletea roho mkononi mwenyewe. Mama yako yuko Konde kwa watu wake, msiba umekwisha na yeye hajarudi. Nilimfuata. Akanionyesha kwa mkono kwamba hana neno nami, lakini mkoba wa kurudi nyumbani hakuufunga.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie mama yako kwamba maikromita ni mbovu. Acha waseme ni mimi. Mtu aliyefiwa na kaka yake akimchukia mume, anaweza kumwacha mume na maisha yakaendelea. Akimchukia mwanawe atakwenda wapi?

Baba yako


Maskati, 24 Julai 2011

Baba yangu,

Asalaam alaykum. Nakubusu mkono wako, huo huo uliokwambia kweli.

Nimeshindwa kukutii. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea, na kila nikifika pale watu wanaposema uliua kwa ajili ya chama, roho inanitoka. Juzi nilimpata Mama kwenye simu. Nilimwambia yote, tangu mnada mpaka zile picha. Nilisema Baba hakukusudia, chombo kilikuwa kibovu na aliyekileta ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Ndo kusema Kificho kauliwa ni zawadi yako weye?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Haya, mwana'ngu." Simu ikakatika. Tangu hapo nikipiga inaita tu.

Niandikie, Baba, hata mistari miwili.

Mwanao,
Raniya


Wete, 19 Agosti 2011

Mwanangu mpenzi Raniya,

Waalaykum salaam, na Ramadhani njema. Natumai wewe na Fahd mnafunga kwa afya. Mimi nafunga, sijambo.

Mama yako karudi. Kabla ya kuondoka Konde alisimama ukumbini kwa marehemu, mbele ya wanawake wote, akasema mume wake hana hatia, akaeleza kwa nini. Nimesimuliwa na Nyange kwa maandishi. Watu wameacha kunisema. Msikitini wananipa mkono, na mtoto mkubwa wa Kificho alinifuata mwenyewe akaniomba radhi. Nilimkumbatia.

Karakana nimeifunga. Mashine ya kerezo, ile ya kuchongea vyuma, nimempa Nyange kwa dua. Maikromita imo sandukuni mwake, juu ya kabati. Chombo hicho sina mwanafunzi wa kumpa.

Nyumbani tunakaa vizuri. Anapika, tunafuturu pamoja, usiku ananigusa bega nijue wakati wa kwenda kuswali. Jina lako halitaji. Nilipoiweka picha yako ya harusi pale alipokuwa ameiondoa, niliikuta tena imelazwa kifudifudi, nami nikaiacha hivyo. Nilikwambia usimwambie, mwanangu. Silaumu. Ulinitoa mimi lawamani ukaingia wewe, na mimi ningekubali kubaki mle mpaka kufa.

Usiache kuandika. Mpigie pia, hata kama haiitikiwi. Naiona simu ikimulika mkekani, naye anaitazama mpaka inazimika.

Barua hii anakuletea Bi Alya. Alikuja leo kuuliza kama kuna mzigo wako. Achari ya ndimu ipo, mama yako aliitia chupani wiki iliyopita, naiona rafuni. Nilimwashiria mama yako chupa, nikamwashiria Bi Alya mlangoni. Akachukua ndoo akaenda kutawadha, chupa akaiacha pale pale.

Baba yako