Leo Kaveti Anashuka kwa Mama Syombua

Baba,

Chai imepoa hapa mbele yangu na sijaigusa. Leo namshusha Kaveti, trekta lako, kwa Mama Syombua, na naogopa. Nakuambia wewe kwa sababu hawa wengine wote nimewadanganya.

Tangu tukuzike, huu ndio msimu wa kwanza trekta lako kutoka bila wewe. Kaka Muthama alileta mtu kutoka Nairobi, akamzunguka Kaveti akipiga picha. Ati trekta dogo la zamani hivi ni nadra, atalipaka rangi aliweke kwenye lango la hoteli, katikati ya maua. Mama alikuwa ameshakubali kuliuza. Ni mimi Ndunge wako, nisiyejua kunyamaza, nikasimama uani mbele ya majirani nikasema Kaveti haendi kukaa kwenye maua, Kaveti atalima, na dereva ni mimi. Wueh! Mdomo wangu huu, Baba. Muthama aliniangalia tu akasema, "Haya, tutaona."

Lakini wewe si unajua kwa nini. Yale matrekta makubwa ya kukodi yakifika huku Mbooni, dereva anashuka, anaangalia matuta yetu membamba ya mteremkoni, anarudi zake. Kaveti anageuka kati ya mparachichi na ukingo wa tuta bila kuvunja tawi. Na hana siri. Kitu kikikatika unakiona, unatafuta waya, unatafuta kipande cha tairi kuukuu, mnaendelea. Nilipokuwa mdogo nikikaa pale juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma, nilikuona ukimpapasa boneti kama ng'ombe wa maziwa, ukimwambia pole. Pole kwa chuma! Nilikucheka sana. Siku hizi hata mimi namwambia.

Sasa nikuambie lile ambalo sijaambia mtu. Wiki jana, kwenye kile kiteremko kidogo nyuma ya nyumba, niliingiwa na hofu nikakanyaga klachi, gia ikamwachia. Kaveti akatoka mbio, na breki zake unazijua. Kilichotushika ni udongo wa tuta. Gurudumu moja la mbele lilikuwa linaning'inia hewani, Baba. Hewani kabisa! Nililia pale juu bila sauti, halafu nikamrudisha nyuma polepole. Mama akaniuliza mbona nimechelewa, nikasema ni matope.

Uliniambia mara ngapi? "Ukiogopa, usikanyage kitu. Acha gia ya kwanza imshike." Ni rahisi kusema. Mguu wenyewe hausikii.

Na kule kwa Mama Syombua hakuna tuta la kunishika. Ni njia, halafu korongo. Jana alipita hapa na fimbo yake, akasimama akaniuliza, "Ndunge, utakuja kweli?" Mbegu zake ziko tayari, mawingu yameanza kukaa juu ya vilima, na tangu awe mjane wewe ndiye ulikuwa unamlimia, tena kabla ya shamba letu. Ningemjibu nini? Nikasema nakuja.

Mama yuko nje sasa hivi. Amevaa viatu vya shamba na anaangalia njia ya kushuka. Nadhani yale ya matope hakuyaamini.

Naogopa kufa, Baba. Haya, nimesema. Naogopa pia kurudi nimeshindwa, Muthama ampigie yule mtu simu. Sijui ni lipi linanitisha zaidi.

Nakuahidi mguu wa kushoto utakaa mbali na klachi, hata nikipiga mayowe mpaka wasikie watu wa kule Kilungu. Na nikifika chini salama, yule mama nitamlimia wa kwanza kila msimu, maadamu nina nguvu.

Pumzika, Baba. Na ukiniona nikitokea huko uliko leo, tafadhali usinifungulie mlango. Nifukuze nirudi. Mwambie huyo msichana kuna mtu anamsubiri na mbegu mkononi.

Ndunge wako