Kompyuta Sitini na Tatu za Ghorofa ya Juu

Jumatatu, 13 Novemba

Balaa! Saa sita mchana nilituma programu mpya ya dawa kwenye kompyuta zote za kliniki. Kimyakimya — ijisakinishe yenyewe watu wakiwa siesta, mapumziko ya mchana, wakirudi waikute. Za chini zimeikubali zote. Za ghorofa ya juu, sitini na tatu, zimekwama katikati. Ya zamani imefutika, mpya haijaingia. Daktari Yegros ameandika dawa kwa mkono mpaka jioni, ananitazama kama nimemwibia. Mhandisi Insfrán, bosi wangu, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinikumbusha tu kwamba mkataba wangu unaisha tarehe thelathini.

Jumanne, 14 Novemba

Asubuhi nilikaa mbele ya kompyuta moja ya juu. Dakika arobaini kuisafisha, hamsini kusakinisha. Ikakubali! Basi nikatuma tena saa sita kwa zilizobaki, nikashuka kula kwenye chumba cha seva kama kawaida yangu. Narudi — zimekwama zote sitini na mbili. Insfrán mbele ya watu: kwa hiyo ukizikodolea macho zinatii? Ziimbie basi, Nidia! Wakacheka. Nilitamani kulia.

Jumatano, 15 Novemba

Mzee mmoja wa kisukari amerudishwa kwao Luque bila insulini. Mfumo haukumwona. Mkate mmoja tu wa chipa tumboni tangu asubuhi. Naogopa.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimepata!!

Nilisoma logi, kumbukumbu za kompyuta, mstari kwa mstari. Hazikukwama pamoja. Chumba cha kwanza saa sita na dakika nane, cha pili saa sita na kumi, cha tatu saa sita na kumi na moja... zinafuatana kama milango ilivyo. Hiyo si programu, hiyo ni miguu ya mtu!

Saa sita leo nikabaki juu, nyuma ya kabati. Akaja Ña Ceferina, mfagizi wetu, kikombe cha tereré, chai yake ya baridi, mkononi, anachomoa plagi moja baada ya nyingine. Nikaropoka: unafanya nini, mama! Akashtuka. Radi, mwanangu, si msimu wake huu? Mbona nazichomoa miaka minne sasa, nazirudisha kabla watu hawajarudi.

Nikakimbia kwa Insfrán. Akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Baraza la kliniki linataka jina la aliyeharibu kazi, alisema. Andika la mfagizi, tumalizane. Mkataba wako nausaini mimi mwenyewe.

Nilifurahi. Hapa hapasomi mtu, acha niseme: nilifurahi sana.

Ijumaa, 17 Novemba

Jana jioni nilitunga programu ndogo ya kuzisafisha kwanza. Leo nimetuma saa mbili asubuhi, plagi zote zikiwa mahali pake. Kufika saa nne zimekubali zote. Hakuna aliyepiga makofi.

Nikaenda kwenye stoo ya Ña Ceferina kumwomba leo asichomoe mpaka nizikague zote. Nyuma ya mlango kuna karatasi, kaivisha plastiki isilowe. Ya Oktoba, miaka minne nyuma, radi ilipounguza kompyuta tisa. “Msimu wa radi, kila siku saa sita, chomoa kompyuta zote za juu bila kusubiri kukumbushwa.” Sahihi yangu. Muhuri wa ofisi yangu! Nilikuwa nimesahau kabisa.

Hukuniambia niache, mwanangu — alisema hivyo tu, bila ubaya. Amebakiza miezi mitano astaafu.

Saa sita kasorobo. Ripoti iko wazi kwenye skrini, mahali pa jina patupu. Insfrán amekuja, amesimama upande wa pili wa meza. Anadhani haya ninayoandika ni ya ripoti. Nje kumeanza kunguruma.

Ña Ceferina yuko mlangoni. Anauliza: nichomoe au niache?

Insfrán anacheka. Hivi wewe mama, nani alikupa amri hiyo ya kipuuzi?

Ña Ceferina ananitazama mimi. Bado ananitazama —