Neno Lisilotajwa Nyumbani Kwetu

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba ni mmoja tu na sina mwingine wa kumwomba, unisamehe mwandiko, naandika hapa karakana wakati wenzangu wanakula, juu ya karatasi ya kukatia kola, maana nyumbani siwezi kushika kalamu bila mtu kuuliza ninamwandikia nani. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, mama wa watoto wanne, mume wangu ni fundi rangi, si mlevi, hanipigi, na watoto anawapenda mpaka majirani wanamtania kwamba yeye ndiye mama yao, kwa hiyo usije ukadhani nakuletea mashtaka ya mume mbaya, na pengine ingekuwa hivyo ningejua pa kuanzia.

Nilipojifungua huyu wa mwisho, ambaye sasa anajifunza kutembea, presha ilipanda nikashikwa na kifafa cha mimba, kisha damu ikatoka isitake kukoma, wakaniongezea damu ya watu nisiowajua, na mkunga aliniambia baadaye kwamba mume wangu alikuwa ameketi sakafuni kwenye korido na nguo zake za kazi, zimejaa rangi, analia bila kujificha. Daktari alituita wawili akatutamkia wazi kwamba nikibeba mimba nyingine hawezi kuniahidi kurudi nyumbani. Maneno hayo tunayajua mimi na mume wangu tu, alisema tusimtie mama yake hofu, ana yake ya kutosha. Basi nikaenda kliniki, nesi wa pale ni mama mmoja mcheshi, tukazipitia njia zote za kupanga uzazi, vidonge hanipi kwa ajili ya presha, sindano nayo hakuitaka kwa sababu hiyo hiyo, kijiti cha mkononi nilishawekewa baada ya mtoto wa pili, nikatokwa na damu mfululizo hadi nikaomba kitolewe, na kufunga kizazi akasema kwa presha hii hawataki kunipasua. Akasema, basi mama, kwako wewe ni kitanzi, hakina homoni, kinawekwa kwenye kizazi, kinakaa miaka, unakisahau kabisa. Nikatoka pale nimetua mzigo.

Mshauri, sikufikiri. Nilifika nyumbani, tumekaa mezani, mume wangu, mama mkwe na watoto, mume akaniuliza wamesemaje huko, nami mdomo huu ukajibu, "Wamesema niweke kitanzi." Mama mkwe akaweka kijiko chini, akainuka, akaingia chumbani kwake, na hatukumwona tena mpaka kesho yake.

Ni kwamba wifi yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alijitia kitanzi mwaka ule tuliooana, katika nyumba hiyo hiyo tunayoishi. Tangu hapo neno hilo halitajwi na kamba haiingii, nguo tunaanika juu ya ukuta na kwenye seng'enge, watoto wangu hawajui kuruka kamba, na futi yangu ya kupimia, ambayo mshonaji yeyote huitundika shingoni mpaka akasahau kuwa anayo, lazima niivue kabla sijafika mlangoni, siku moja nilisahau na mama mkwe aliniita kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani. Wanawake waliomwosha walinong'onezana kwamba alikuwa na mimba na kijana aliyempa alishahama mji, lakini hilo nalo halisemwi.

Usiku ule mume wangu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema, "Mke wangu, mimi najua ni kifaa cha hospitali, si mjinga. Lakini nikijua kiko ndani yako nitakuwa namwona yeye. Nitafutie kingine chochote." Nikamwambia nesi amesema kingine hakinifai. Akajibu, "Basi tutajizuia." Tumejizuia kama wanavyojizuia mke na mume wanaolala kitanda kimoja, utajaza mwenyewe, kondomu alinunua akazitumia kwa muda, kisha akaanza kusema usijali, nitawahi kutoka, nami nikamkubalia kwa kumwonea huruma. Mama mkwe naye alinishika mkono jikoni, akaniambia, "Mwanangu, kitu hicho usiniletee humu ndani. Chochote, lakini si hicho." Nikamwitikia ndiyo mama, ningesema nini.

Wenzangu hapa karakana wananiambia niweke kimya kimya, mume hatajua. Sijawahi kumficha kitu huyu mwanaume, na nikimficha hili akaja kugundua, nitakuwa nimemzika dada yake mara ya pili. Nisipoweka, nakufa mimi. Chakula hakipiti, hata harufu ya mafuta ya cherehani siku hizi inanichefua mpaka natoka nje kuvuta hewa, najua ni mawazo tu. Nikimsuka binti yangu nywele nawaza ni nani atakayemsuka, naacha msuko katikati, naye ananiuliza mama mbona umeacha. Nimekata tamaa, mshauri, maji yamezidi unga. Niweke kwa siri, au niwaambie nini watu wasiotaka kusikia hata neno lenyewe?

Mshona sare aliyekwama

MSHAURI ANAJIBU

Mama mshona sare, pole. Barua yako nimeisoma nikaweka nyingine zote pembeni, na nitakujibu kinyume na ulivyouliza, kwa sababu umekimbilia swali la mbele ukaruka lililo miguuni pako.

Mafuta ya cherehani. Unakaa mbele ya mashine hiyo kila siku, leo ndiyo yanakuchefua, halafu unaniambia ni mawazo. Umebeba mimba nne, unaijua dalili hiyo kuliko mimi, na naona unaikwepa kwa sababu unaiogopa. Ni haki yako kuogopa, lakini kukwepa hapana. Kesho asubuhi nenda kapime mimba. Hakuna atakayekuwekea kitanzi wala kitu kingine kabla jibu halijajulikana, kwa hiyo ugomvi wote huo wa nyumbani kwa sasa uko nyuma ya kipimo hicho.

Kama imo, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ni hatari, na kila siku unayokaa kimya unaizidisha. Siku hiyo hiyo nenda hospitali kubwa, umwone daktari wa wanawake, umweleze kifafa na damu, umuulize bila haya kila njia iliyopo kwa mtu mwenye hali yako. Mume wako awe kwenye kiti cha pembeni, si kwenye korido. Na usithubutu kunywa kitu cha kuletewa na shoga au cha kuuziwa kichochoroni. Najua kuna mtu hapo karakana atakushauri hivyo, naye atakuwa anakutakia mema.

Kama haimo, umeponea chupuchupu, na mchezo umeisha. Hiyo ya kuwahi kutoka si njia kwa mwanamke aliyeambiwa mimba itamuua. Mumeo anakupenda, nimeliona hilo, lakini mapenzi yake hayazuii mimba. Kondomu, kila mara, bila kumwonea huruma mtu, huku mkitafuta la kudumu. Kisha mchukue mumeo mpaka kwa yule nesi, umwombe nesi amwekee kitu chenyewe kiganjani. Ni kiplastiki kidogo kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Mwisho wake kuna kiuzi, usimfiche, akione na akiguse. Kuna wanaokiita lupu, kuna wanaokiita koili. Mkiona jina ndilo linalowachoma, liacheni hapo hapo kliniki. Akishindwa bado, sitamcheka, kidonda hicho ni cha kweli. Alikwambia umtafutie kingine chochote, basi nakitafuta mimi: kuna upasuaji mdogo wa kumfunga mwanaume mirija, anaingia asubuhi anarudi kwake siku hiyo hiyo, na mtaendelea na kondomu mpaka apimwe na kuambiwa sasa inatosha. Usimkatalie wewe, kama ni kukataa mwache yeye aukatae mwenyewe kwa mdomo wake, mbele ya nesi.

Umeniuliza kuhusu siri. Mwili ni wako, na nesi wa kweli hatatoa habari zako kwa yeyote. Mkizungumza na mumeo akakataa yote, nenda kaweke, na lawama unitupie mimi. Kati ya siri na kaburi, chagua siri. Ila nakusihi usianzie hapo, maana nyumba yenu haina uhaba wa siri.

Na hapa nitakuwa mkali, univumilie. Mmetoa kamba zote humo ndani. Nguo ziko ukutani, watoto hawaruki, futi unaivua nje. Lakini kile kilichokuwa pamoja na yule binti chumbani hamkukitoa. Sijui yote yaliyokuwa moyoni mwake, na hakuna anayejua, lakini wewe mwenyewe umeandika, tena kwa kupitia tu: inasemekana alikuwa na mimba na kijana kahama mji, na naona katika nyumba ile hakuwa na mtu wa kumwambia. Sasa niambie ni nani mwingine leo anaishi katika nyumba hiyo hiyo, anaogopa mimba mpaka chakula hakipiti, na hana mtu wa kumwambia hadi amewaandikia watu wa gazeti.

Mama mkwe wako amekataa jambo ambalo hajaelezwa. Mmemnyima maneno ya daktari kwa kumhurumia, naye anadhani anakukataza neno baya tu, hajui kwamba anakukataza kuishi. Yeye ni mama aliyepoteza binti bila kuambiwa kitu mapema, na sidhani kama anataka kufanyiwa hivyo tena. Leo ukirudi, kabla hujavua viatu, nenda chumbani kwake, funga mlango, na kitanzi usikitaje kabisa. Sema, "Mama, daktari alisema nikibeba mimba nyingine nitakufa, na nahisi nimebeba." Maneno hayo hayajapigwa marufuku nyumbani kwenu. Akilia, mwache alie, mngoje. Akimaliza, mwombe akushikie watoto kesho asubuhi, kwa sababu unakwenda kupima.