Magazeti Mawili, Mwandiko Mmoja

Mshauri mpendwa,

Nisaidie, na tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Mimi ni mzee, nilikuwa fundi cherehani, na mke wangu alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, kazi yake kuyanasa makosa kabla kurasa hazijachapwa, na tumeishi ugenini miaka mingi kiasi kwamba lugha yetu hii imebaki ya meza yetu ya jikoni tu, mimi na yeye, pamoja na gazeti hili linalofika kila wiki, ambalo yeye hatazami habari zake kwanza bali fumbo la maneno, analijaza kwa wino huku mimi nikimsomea vidokezo, na wiki inayofuata majibu yakitoka anajiwekea alama za vema mojamoja, kwa mbwembwe zote.

Mwaka huu ameanza kukosea. Kulikuwa na fumbo ambalo maneno yake yote yalihusu makosa, nikamsomea, "Sahau kwa muda jambo unalolijua, herufi sita," naye akaandika POTOKA. Nilishtuka, maana ni yeye aliyenifundisha tukiwa wachumba kwamba aliyepitiwa hana hatia, lakini aliyepotoka ameiacha njia huku anaiona, na kwamba dosari huwa kwenye kitu na kosa huwa la mtu. Nikamwambia, "Mama, si pitiwa hiyo?" Akanitazama juu ya miwani. "Wewe shona, maneno niachie mimi." Nikamsomea kidokezo kilichofuata.

Tangu hapo nanunua magazeti mawili. Majibu yakifika nayaona mimi kwanza, najaza nakala ya pili kwa mwandiko wake, na mkono uliozoea kuziba tundu la nguo bila kuacha alama hauoni taabu, kisha naiweka mahali pa ile ya kwanza, na ile yake halisi naificha chini ya vitambaa, siwezi kuitupa, ni mwandiko wake. Anapata yote, anacheka, siku yetu inakuwa njema.

Lakini binti yetu alikuta jiko la gesi linawaka na mama yake ametoka kwenda dukani, akampeleka kwa daktari, nami nikafuatana nao. Mke wangu akafungua mkoba, akatandaza mafumbo mezani. "Daktari, mtu anayepoteza kumbukumbu anayaweza haya? Tafuta neno moja lililokosewa." Daktari hajui lugha yetu, ila alama za vema anazijua. Akacheka: "Mama, nenda nyumbani, kichwa chako kizima kuliko changu." Binti akaona haya kwa kumsumbua mama yake bure. Na mimi, mshauri, nilikuwa palepale, nimeshika kofia yangu.

Juzi jiko limekutwa linawaka tena. Nimeapa hataaibika nikiwa hai, na kiapo hicho sikivunji. Nionyeshe namna ya kukitunza bila nyumba kuungua.

Fundi wa Cherehani

*

Fundi,

Nimekusoma mpaka mwisho, na nimekukasirikia hata hivyo.

Pole kwanza. Kumwona mwenzako anapungua ugenini, na ndiye pekee mnayeelewana hata sentensi ikiachwa katikati, ni msiba usioletewa rambirambi. Naujua. Nami ni mgeni wa siku nyingi.

Lakini acha kujidanganya, mzee wangu. Unamlinda na nini? Na daktari? Mkono wako hodari umemnyang'anya mgonjwa ushahidi wa ugonjwa wake. Alipotandaza zile karatasi aliuliza swali la kweli, na jibu lilikuwa nyumbani, chini ya vitambaa vyako. Tusitafute neno laini. Mkeo ndiye aliyepitiwa. Wewe umeliona jiko linawaka na bado ukanunua gazeti la pili. Kwa maana aliyokufundisha yeye mwenyewe, neno lako ni lile aliloliandika.

Sasa sikiliza. Kuanzia leo, mkishapika, funga mtungi wa gesi wewe mwenyewe, kila mara, bila hotuba. Kisha mwambie mkeo. Yeye kwanza, kabla ya binti, kabla ya daktari. Kaa naye kwenye hiyo meza ya jikoni, toa magazeti yake halisi, yaweke kando ya ya kwako, na usiseme mengi. Atafoka. Huenda akakununia siku kadhaa, vumilia, umeyataka. Halafu nendeni wote watatu kwa daktari na karatasi za kweli, na wewe uwe mkalimani: mweleze neno lililotakiwa, na neno lililoandikwa. Hakuna mwingine katika mji huo anayeweza kuifanya kazi hiyo.

Unaogopa ataaibika. Fundi, huyo ni mwanamke aliyelipwa maisha yake yote ayaone makosa wakati bado yanaweza kushughulikiwa. Unadhani angemshukuru nani kwa kumficha moja? Kiapo chako kitunze, ila kitunze kwa kukaa naye, siyo kwa kumwandikia.

Na fumbo msiliache. Msomee vidokezo, ajaze kwa wino kama desturi yake, na akikosea, neno lake lisiguswe. Ukiwa na jingine, liseme kwa sauti, akubishie.

Wiki hii ukifika kibandani kwa muuza magazeti, nunua moja.