Kufukia si Kusafisha

Kiwanjani, Isiolo

Mama mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Sericho, na kwamba goti la Baba limepata nafuu. Mimi mwili u mzima, ila moyo umejaa dharau.

Umemtuma mdogo wangu Hawo aniulize mbona sisemi lolote kuhusu Galgalo, mchumba mliyenikubalia. Basi nitasema.

Mlisikia habari ya lori la mafuta lililopinduka njia ya Garbatulla, dizeli ikamwagika mpaka kwenye malisho ya kina Ganya. Kampuni ya Galgalo ndiyo iliyopewa kazi ya kusafisha, akaniajiri kwa kuwa nilisomea mambo ya udongo. Kazi yenyewe si uchawi, Mama. Ardhini mna bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, na wengine hula mafuta. Udongo ukigeuzwa upate hewa, ukatiwa maji na samadi, wao hula polepole, miezi na miezi, mpaka ardhi ipone. Ni kama mifugo, wanataka kuchungwa.

Galgalo alikuja kuchunga kwa viatu vyeupe. Alishika koleo kama aliyeshika nyoka, akapigwa picha, akarudi garini kwenye ubaridi. Nilipomwomba maji ya kunyweshea udongo, alisema bakteria hawana midomo. Nilipoomba samadi, alisema hakusoma Nairobi ili aje kubeba mavi. Kisha akaleta udongo mwekundu, akaufunika nao ule wote uliolowa mafuta, akajiita mtaalamu. Paka hufanya hivyo kila siku, na hajawahi kualika wageni wampigie makofi.

Yeye aliwaalika. Wazee, watu wa serikali na mjomba wake Kuno waliketi chini ya turubai wakinywa soda. Galgalo akatangaza kwamba malisho yamepona, mbuzi waingie. Ganya, mjane aliyepoteza mbuzi wengi kwa mafuta yale, aliuliza kama ni hakika. Akajibiwa kwamba asiyejua kusoma awaache wenye elimu wamalize.

Hapo, Mama, ndipo nilipofanya jambo ambalo nimekuficha mpaka leo. Nilichukua jembe nikachimba mbele yao wote. Sikufika kina kirefu; harufu ilipanda, udongo ukatoka mweusi, unang'aa mafuta. Galgalo alicheka, akamwambia Kuno, “Mchumba wangu amepigwa na jua.”

Nikamjibu kila mtu akisikia, “Mimi si mchumba wa mtu anayefukia uchafu halafu anawakaribisha mbuzi wa wajane.” Nikamgeukia Kuno, nikamwambia aende Sericho akachukue kahawa na tumbaku ya posa aliyowaletea, uchumba umevunjika.

Wazee walikataa kuipokea kazi ile. Mimi nimefukuzwa. Ganya amenipa pembe moja ya malisho na samadi ya zizi lake. Tunageuza udongo na kuunyunyizia maji tunayobakisha. Sikudanganyi, bado panatoa harufu.

Najua Baba atasema nimewavunjia heshima, na kwa hilo nawaomba radhi nyote wawili. Kwa Galgalo siombi. Kuno akifika, mpokeeni vizuri, mpeni maziwa, lakini msimwambie mtajadiliana. Jibu limeshatoka, na limetoka kinywani mwangu.

Nisalimie Kanchoro na watoto wake. Mungu awaletee mvua.

Binti yako,
Sabdio