Meza Nisikie

Norsborg, huku Uswidi, Jumanne. Theluji inayeyuka, viatu vimelowa, na roho yangu iko hivyohivyo.

Leo nimeenda kliniki peke yangu.

Acha niseme wazi, maana humu mtandaoni hakuna anayenijua. Ninaishi na virusi vya Ukimwi, na ninayempenda ni mwanamume mwenzangu. Anaitwa Eliya. Jumamosi ameoa kule Tumba. Nilikaa meza ya marafiki wa bwana harusi, nikala sombe ya majani ya muhogo, nikapiga makofi kama mjinga.

Zamani kliniki waliniwekea mkalimani wa simu. Sauti ilipotoka tu, nikaijua: Mama Neema, anayeongoza kwaya kanisani kwetu! Najua wameapa kutunza siri. Lakini Jumapili ningemtazamaje? Nikavaa koti, nikatoka mbio. Miezi saba sikumeza dawa. Nikakonda hadi mkanda ukakosa tundu.

Eliya, rafiki pekee aliyejua ugonjwa wangu, ndiye aliyekuja kunigombeza. "We, unataka kufa kwa kuogopa kwaya?"

Tangu hapo akawa mkalimani wangu. Nikimwambia muuguzi, Karin, kwamba ninakula vizuri, Eliya anatafsiri, kisha anaongeza ya kwake: huyu mwongo, anashindia chai. Na kila asubuhi saa moja alipiga simu: "Meza nisikie." Nilikunywa maji kwa kelele, naye akacheka, ndipo kila mtu akaenda kazini.

Miaka minne, sikuruka hata siku moja.

Jumamosi, pale ukumbini, aliniambia bila kunitazama: "Kaka, sasa nina nyumba. Zile simu tuziache."

Jumapili sikumeza. Jana sikumeza. Leo asubuhi pia, nikabaki naitazama simu tu.

Karin aliuliza Eliya yuko wapi. Akauliza kama atafute mkalimani. Nikasema nej, hapana, kisha kwa Kiswidi changu cha kuokoteza nikamwambia: ameoa, nilimpenda, sijameza siku tatu. Sijawahi kuyasema hayo kwa lugha yoyote. Nililia mpaka makamasi, aibu tupu.

Hakunigombeza. Alileta maji, nikameza palepale mbele yake. Kisha akaandika namba ya kliniki kwenye karatasi: kesho saa moja piga, niko zamu.

Nitapiga. Nitameza, naye atasikia.

Lakini Eliya, jamani, nilitaka usikie wewe.