Vigae vya bafu la Mama

Suhuyini, Mama ameanguka. Kwenye nyumba niliyomjengea, siku ya pili tu. Ndiyo kwanza amemaliza kutawadha, miguu bado imelowa, akateleza bafuni.

Hajavunjika, ila nyonga imevimba.

Na fundi Neindow aliniambia. Dukani kabisa aliniambia: "Dada Wumpini, hivi vigae vinavyong'aa ni vya sebuleni. Bafuni chukua visivyoteleza, mama yako anatawadha mara tano kwa siku."

Nikamjibu, "Kwani wewe ndiye utakayeoga humo?" Nilitaka mji mzima wa Tamale uje ujione sura kwenye sakafu yangu.

Mara tano kwa siku. Hilo neno halinitoki kichwani.

Sasa sikia alichosema Mama pale chini. Kanishika mkono, kaniuliza taratibu, "Kigae chako hakijapasuka, mwanangu?"